Hawala Iliyokwama Dirishani: Juu ya Wajibu wa Kutunza Tashtiti za Kale

Miongoni mwa kazi ambazo taifa hujitwika pindi linapoanza kujitambua ni ile ya kuitunza sanaa iliyoachwa na waliotangulia. Hapana anayebishana juu ya jambo hilo. Ngoma ikipasuka huwambwa upya. Boma likibomoka hujengwa. Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, ukiwa karatasi zake zimeanza kuliwa na mchwa, hunakiliwa ili wajukuu nao wausome. Lakini ipo sanaa moja ambayo utunzaji wake huzusha swali la maadili lililo gumu kidogo, nayo ni tashtiti, yaani sanaa ya kucheka kwa ajili ya kukemea. Ngoma haimsuti mtu, wala boma halimnyoshei mtu kidole. Tashtiti huwa na yule inayemlenga: mkubwa aliyevimba kichwa, karani asiyemtazama mwananchi usoni, ndugu aliyefundishwa mjini akarudi kuwala ndugu zake. Hiyo ni barua yenye anwani. Je, mtu aliyeiokota barua ya namna hiyo, akaifuta vumbi, akaitia katika bahasha mpya na kuiweka kabatini, amekwisha timiza wajibu wake? Au wajibu huo hautimii mpaka barua imfikie mwenyewe?

Nakusudia kulichunguza swali hili kwa kutumia mfano mmoja, nao ni filamu iitwayo Mandabi, iliyoongozwa na Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1968. Baada ya kupita nusu karne filamu hiyo ilikarabatiwa, na mwaka 2021 ikatolewa katika diski za kutazamwa nyumbani. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kisa chake si kigeni kwa wasomaji wa Kiswahili: Amandina Lihamba alikitohoa kuwa tamthilia ya Hawala ya Fedha, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Pili, jina lenyewe lina fumbo ambalo litatufaa mbele. Mandabi ni neno la Kifaransa lililoingia katika Kiwolofu, na maana yake ni hiyo hiyo hawala ya fedha.

Yafaa kwanza tumjue mtu aliyeiandika barua hii. Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegal. Hakukaa sana darasani. Aliingizwa katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa mpakuzi wa shehena katika bandari ya Marseille, na huko, kati ya magunia na mikutano ya chama cha wafanyakazi, ndiko alikoanzia uandishi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Lakini nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1960, alitambua jambo lililomkosesha raha. Vitabu vyake vilikuwa katika Kifaransa, na wale ambao habari zao zilijaa humo, yaani wachukuzi, wauza samaki, mama wa sokoni na wazee wa mitaani, wengi wao hawakuweza kuvisoma. Basi alipokuwa akiukaribia umri wa miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza kazi ya filamu. Alizoea kusema kwamba sinema ilikuwa shule ya jioni kwa watu wake. Hata hivyo, filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 1966, ilisema Kifaransa. Mandabi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwasemesha Wasenegali kwa Kiwolofu.

Kisa chenyewe ni chepesi, kama vilivyo visa vingi vyenye uzito. Mzee Ibrahima Dieng anakaa Dakar na wake zake wawili na watoto saba. Kazi hana. Siku moja tarishi analeta barua pamoja na hawala kutoka Paris, ambako Abdou, mpwa wake, hufagia barabara. Hawala ni ya faranga 25,000. Katika hizo, 20,000 mjomba amwekee akiba Abdou mwenyewe, 3,000 ampe mama yake Abdou, na 2,000 ziwe zake Dieng. Basi habari zinaenea mtaani kabla mzee hajatia mguu wake posta. Wake zake wanakopa mchele dukani. Majirani wanakuja mmoja mmoja, huyu na shida hii, yule na shida ile, wote wakijua kwamba Dieng sasa ni tajiri. Dieng naye anavaa joho lake kubwa na kwenda kuchukua fedha. Dirishani anaulizwa kitambulisho, naye hana. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ili apate cheti cha kuzaliwa anatakiwa aitaje tarehe aliyozaliwa, na yeye ajua tu kwamba alizaliwa yapata mwaka 1900. Kila dirisha lamtuma kwenye dirisha jingine. Mpiga picha anakula fedha zake na picha hampi, kisha inatokea rabsha hata mzee anatokwa damu puani. Mwisho anamwendea Mbaye, jamaa yake msomi, avaaye suti na kuendesha gari. Mbaye anamwomba atie sahihi hati ya kumpa mamlaka ya kumchukulia fedha. Fedha zinachukuliwa, na Mbaye anamwambia mzee kwamba zimeibwa na mchomozi sokoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Msomaji atauliza: hapa anachekwa nani? Jibu ni kwamba wanachekwa wote, na hapo ndipo ulipo ubora wa kazi hii. Wanachekwa makarani ambao nchi yao imepata uhuru lakini wao wangali wakimtazama mwananchi kwa jicho alilotazamiwa na mkoloni. Anachekwa Mbaye, ambaye elimu yake imekuwa makucha. Wanachekwa majirani, ambao ukarimu wanaoudai ni ukarimu wa mfuko wa mwingine. Na Dieng mwenyewe hakuachiliwa. Ni mwenye majivuno, hupenda kusifiwa, huwafokea wake zake wanaomlisha, hula akashiba na kuteuka kwa sauti kama bwana mkubwa hali hana hata senti. Twamcheka tangu asubuhi mpaka jioni, kisha, bila kutambua ni wapi tulipogeuka, twajikuta twamwonea huruma. Tashtiti iliyo dhaifu humchagua mtu mbaya mmoja ikamrushia mawe. Iliyo kubwa hushika kioo, kisha ikatuzungusha wote mbele yake mmoja baada ya mwingine.

Sasa tuje kwenye ukarabati. Filamu ya miaka ile ilikuwa kitu cha kushikika: ukanda wa plastiki wenye upana wa milimita 35, uliopakwa kemikali, ukipita mbele ya taa picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika 90 ina picha karibu 130,000. Ukanda huo huzeeka kama mwili wa binadamu. Rangi zake hufifia, na kwa kawaida ile ya buluu hutangulia, hata picha nzima ikabaki na wekundu kama wa machweo. Plastiki yenyewe, ikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu, huoza polepole na kutoa harufu ya siki. Kila mara unapopitishwa katika mashine hupata mkwaruzo mpya. Sisi tunaoishi katika pwani za tropiki hatuhitaji kuelezwa mengi juu ya joto na unyevu. Kanda nyingi za bara letu zimekufa kifo hicho kimya, na nyingi kati ya zilizosalia zimesalia kwa kuwa ziliwekwa katika ghala za baridi za Ulaya.

Mkarabati wa leo huchukua ukanda huo, akausafisha, akapiga picha ya kila picha iliyomo kwa mashine yenye uwezo wa kutambua nukta kama 4,000 kwa upana, kazi iitwayo 4K. Kisha, kwa msaada wa kompyuta na kwa macho ya watu wenye subira, mikwaruzo hufutwa, rangi hurudishwa, na sauti huondolewa mivumo na mikwaruzo ya ukanda. Mandabi ilikarabatiwa namna hiyo na kampuni ya StudioCanal ya Ufaransa. Waliopata kuitazama tena wameona buluu na njano za mavazi ya Dakar zikirudi kuwaka kama zilivyowaka mwaka 1968.

Hapa ndipo linapotokea swali la kwanza la maadili: mkarabati ana ruhusa ya kutengeneza kiasi gani? Mashine aliyo nayo yaweza kufanya mengi kuliko yanayostahili kufanywa. Ikiachiwa kufuta chembechembe zote za ukanda, hugeuza uso wa mzee ukawa laini kama sanamu ya nta. Ikiamriwa kuondoa kila doa, yaweza kudhani tone la mvua au mdudu arukaye ni uchafu, ikalifuta. Mtu mwenye pupa ataona kwamba amefanya vema, maana picha sasa yang'aa. Lakini lipo vumbi la namna mbili. Moja ni vumbi la ukanda, lililoletwa na miaka na mashine. La pili ni vumbi la mtaa, ambalo mwongozaji alilitaka lionekane: mchanga wa vichochoro ambamo joho la Dieng hupita likipepea, jasho la watu waliopanga foleni, kinyozi wa chini ya mti aliye mwanzo kabisa wa filamu, anayewanyoa watu vichwa na hata nywele za puani. Vumbi la kwanza ni haki liondoke. La pili ni ushahidi, na ushahidi haupigwi pasi.

Kanuni hii haihusu picha peke yake. Mandabi ilipotengenezwa, sehemu ya fedha ilitoka katika mfuko wa serikali ya Ufaransa wa kusaidia filamu, na kazi ikafanywa kwa nakala mbili, moja ikisema Kifaransa na nyingine Kiwolofu. Mkarabati alikuwa na njia mbili mbele yake. Ile nakala ya Kiwolofu ndiyo iliyofufuliwa, na uamuzi huo wastahili kusifiwa, kwa kuwa Dieng anayelalamika kwa Kifaransa fasaha mbele ya karani ni mtu mwingine kabisa. Shida yake yote imejengwa juu ya lugha asiyoijua, iliyoandikwa katika hati asizoweza kuzisoma. Ukimpa lugha hiyo umemwondolea shida, na ukimwondolea shida umeondoa kisa.

Tena iko hatari ya mkasi. Filamu nyingine ya Sembène, Xala ya mwaka 1975, inayowacheka matajiri wapya waliokalia viti vya wakoloni, ilikatwa na wakaguzi kabla ya kuonyeshwa Senegal. Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa kabisa nchini mwake kwa miaka kadhaa, na sababu iliyotangazwa ilikuwa tahajia ya jina lake, ikiwa liandikwe kwa d moja au mbili. Mwenye macho haambiwi tazama. Filamu hizo mbili nazo zimekarabatiwa na kutolewa katika diski mwaka 2024. Nazitaja ili mwanafunzi aelewe kwamba tashtiti ina maadui wawili: wakati, ambao hula ukanda, na mwenye madaraka, ambaye hula maneno. Mkarabati mwaminifu hana budi kupigana na wote wawili. Akirudisha rangi na kuacha pengo la mkasi, amefanya nusu ya kazi, na pengine ile nusu iliyo rahisi.

Tuseme basi kwamba uaminifu umetimia, na kila picha imekaa mahali pake. Hapo linasimama swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: sasa filamu hii imerudi kwa nani?

Mwaka 2021 diski za Mandabi zilitolewa Marekani na kampuni ya Criterion, na Uingereza na StudioCanal yenyewe. Ile ya Marekani ilitengenezwa kwa heshima kubwa. Imefungiwa pamoja na Tauw, filamu fupi ya Sembène ya mwaka 1970 juu ya kijana asiye na kazi mjini Dakar, na pamoja na kitabu chenye hadithi yenyewe ya hawala iliyozaa filamu. Lakini diski za Blu-ray hugawanya dunia katika mikoa mitatu. Marekani imo katika mkoa wa A. Afrika, pamoja na Ulaya, imo katika mkoa wa B. Mashine iliyouzwa kwa ajili ya mkoa mmoja huikataa diski iliyofungwa kwa mkoa mwingine, na diski ile ya Criterion ni ya mkoa wa A. Basi mwalimu wa Dakar, au wa Tabora, akitumiwa diski hiyo na ndugu yake aliyeko ng'ambo, ataitia katika mashine ya kwao, na mashine itamjibu kwamba diski hii haikuruhusiwa hapa.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Kijana aliye ng'ambo amepeleka nyumbani kitu chenye thamani. Kimefika salama. Kipo mkononi, chaonekana, jina la mwenyewe limeandikwa juu yake. Lakini dirishani panatakiwa cheti kingine. Kisa cha Dieng, ambacho diski imekibeba ndani yake, kimetoka nje ya diski na kumpata mtazamaji. Hata ile ya Uingereza, ambayo mashine za kwetu zaweza kuipokea, ina maandishi ya tafsiri ya Kiingereza na bei iliyopangwa kwa mfuko wa London. Hawala ya Sembène, aliyowaandikia watu wasiosoma, sasa yadai msomaji mwenye mashine, mwenye fedha za kigeni na mwenye lugha ya mbali.

Patatokea mtu aseme kwamba haya ni maneno ya mtu asiyeshukuru. Atasema: lau kampuni ile isingeikarabati, leo tungekuwa tukiomboleza ukanda uliooza. Maneno hayo ni ya kweli, na ni vema yakubaliwe wazi. Aliyeokoa mali ya jirani katika moto hastahili kutukanwa kwa kuwa bado anayo mikononi. Wapo pia waliotambua kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa biashara peke yake. Mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi urithi wa filamu za Afrika, kwa ushirikiano wa taasisi ya The Film Foundation, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika liitwalo FEPACI, na UNESCO, kwa nia ya kuzikarabati filamu 50 za bara hili. Hata hivyo, shukrani haifuti deni. Mtu aliyeokoa kitanda chako motoni, ukampa asante mara 7, bado wewe hulali juu yake mpaka kirudi nyumbani kwako.

Mwingine atasema: lakini tashtiti imekwisha timiza kazi yake. Makarani wa mwaka 1968 wamekwisha staafu au kufa. Dieng amekuwa historia, na historia mahali pake ni makumbusho. Huyu naye ana neno la kujibiwa. Hawala za posta zimeachia nafasi fedha zinazotumwa kwa simu, ambazo zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Mama wa kijijini leo hupokea fedha za mwanawe kwa dakika moja. Lakini ili awe na laini ya simu sharti asajiliwe, na ili asajiliwe sharti awe na kitambulisho, na ili apate kitambulisho sharti athibitishe kuzaliwa kwake. Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Serikali isiyowajua watu wake haiwezi kuwahudumia, na usajili umewazuia wezi wengi. Nasema tu kwamba swali aliloliuliza Sembène lingali hai: je, hati imewekwa ili kumtumikia mtu, au mtu amewekwa ili kuitumikia hati? Na yule Mbaye, jamaa mwema anayejitolea kumsaidia mzee asiyejua namba yake ya siri, hajastaafu. Kila mwenye wazazi kijijini anamfahamu.

Kwa hiyo tashtiti hii haijamaliza kazi. Na kama haijamaliza kazi, basi kuitazama peke yetu chumbani hakutoshi, kwa sababu kicheko cha tashtiti kina tabia ya pekee. Mtu akicheka peke yake humcheka mwingine. Wakicheka wengi pamoja, kila mmoja humtupia jicho jirani yake aone kama anacheka pale pale, na mara hujiuliza kwa nini jirani amemtazama yeye. Karani aliyeketi kati ya watu waliowahi kusimama mbele ya dirisha lake ataingiwa na baridi kidogo hata akiwa anacheka. Baridi hiyo ndiyo dawa. Sembène alilijua hilo, ndiyo maana aliita sinema shule, na shule haina mwanafunzi mmoja. Diski ya nyumbani imeokoa picha na sauti, lakini mkusanyiko hauwezi kuuokoa. Kwa mtazamaji wa mbali, asiyepata kusimama katika foleni ya namna hiyo, iko hata hatari kwamba Dieng atageuka kuwa kichekesho cha watu wa ajabu wa nchi ya mbali, na kioo kikawa dirisha la kuchungulia kwa watu.

Lipo jambo la kutia moyo. Miaka mingi kabla ya mashine za 4K, Amandina Lihamba alikwisha tuonyesha namna nyingine ya kuhuisha kazi ya sanaa. Hakugusa ukanda. Alikichukua kisa, akakivusha kutoka pwani ya Atlantiki hadi pwani ya Bahari ya Hindi, akakivika Kiswahili na kukipandisha jukwaani. Ukarabati wa ukanda huulinda mwili wa kazi. Utohozi huiweka roho yake katika mwili mpya. Wa kwanza unahitaji maabara na fedha nyingi, na wa pili unahitaji lugha, kipaji na ujasiri. Taifa lenye busara halichagui mmoja likauacha mwingine, kwa maana pasipo mwili wa asili tutasahau kilichosemwa hasa, na pasipo mwili mpya tutasahau kwamba kilisemwa juu yetu.

Nini basi kifanyike? Katika miji yetu wapo vijana wa vibanda vya video ambao kwa miaka mingi wamezitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti zao wenyewe, wakiongeza mzaha na maelezo, na watu wakajaa. Sanaa hiyo ni mtoto wa msimulizi wa kale. Ingeweza kumleta Dieng mpaka Mbagala na Igunga. Lakini hapa linajificha jaribu ambalo ni lazima nilitaje, kwa kuwa wanafunzi watalifikiria kabla sijalisema: kwa nini tusiinakili tu diski, tukaisambaza bure? Si yetu? Mwenyewe si aliitengeneza kwa ajili yetu?

Jibu limo ndani ya filamu yenyewe. Dieng, baada ya kuibiwa, anasema kwa uchungu kwamba uaminifu umekuwa kosa, na anaapa kuwa naye ataishi kama fisi kati ya mafisi. Tarishi aliyeileta hawala anamkataza. Anamwambia kwamba nchi hii itabadilishwa, na watakaoibadilisha ni wao wenyewe. Sembène hakumruhusu Dieng amalizie katika kiapo cha fisi, na sisi hatuna haki ya kuisambaza filamu yake kwa njia ambayo filamu yenyewe imeikataa. Msanii wetu wa leo, ambaye kazi yake yaibwa kila siku, atatudai tuwe na kanuni moja kwa haki zake na kwa haki za mgeni. Njia iliyo halali ipo, ingawa ni ndefu. Vyombo vyetu vya utamaduni, televisheni za umma, maktaba na vyuo vinaweza kutafuta kibali cha kuonyesha filamu hizi shuleni, vikadai maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na wenye haki wakakumbushwa kwamba Waswahili ni watazamaji wa kuhesabiwa kwa mamilioni. Tena ni wajibu wetu kuzifanyia kanda zetu wenyewe, zilizolala katika makabati yenye joto, yale yale tunayoyasifu katika kanda za Senegal, kabla harufu ya siki haijawa ndiyo habari ya mwisho tutakayoisikia kutoka kwazo.

Na wewe mwalimu, usingoje kibali cha filamu ndipo uanze. Tamthilia ipo, katika Kiswahili, na darasa lako lina waigizaji 40. Wagawe: huyu Dieng, yule karani, yule Mbaye. Kisha, siku ya kuonyesha mchezo, usiwaite wazazi peke yao. Mwalike mtendaji wa kata, mwalike karani wa posta, mwalike wakala wa fedha za simu aliye karibu na shule, na uwaweke viti vya mbele. Wapokee kwa heshima zote, maana wao ndio walioandikiwa barua hii. Wakicheka, hawala imepokelewa. Wakinyamaza kidogo kabla ya kucheka, imepokelewa pamoja na faida yake.